Kuuza filamu na nyimbo za kunakili: je, chumo langu ni halali?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Bondeni, Nakuru. Nina duka dogo karibu na steji ninapowajazia watu filamu, tamthilia na nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Filamu moja ni shilingi 20, msimu mzima shilingi 50. Nyingi napakua kwenye intaneti, nyingine nanunua kwa wenzangu wa Nairobi. Zinazotoka sana ni zile ambazo madijei wetu wamezitilia sauti ya Kiswahili na utani wao. Qaswida na mawaidha naweka bure, nikitaraji thawabu. Nyuma ya duka nina chumba ambacho wikendi naonyesha mpira wa Uingereza kwa kiingilio cha shilingi 30. Dekoda nimeilipia kifurushi cha nyumbani. Leseni ya kaunti ninayo.

Ustadh wa darsa yetu alisema chumo hili si halali, na nilikasirika. Wenye filamu hizi ni matajiri wa Marekani, si Waislamu, hawanijui, na nikinakili hakuna kinachopungua kwao. Lakini mke wangu sasa ananiuliza tunakula nini. Nina kijana niliyemwajiri, na kodi ya duka inaningoja. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Mkeo usimwone mpelelezi. Mwanamke anayeuliza chakula kimetoka wapi kabla ya kukipakua ni rasilimali ambayo wengi wanaitafuta, na kama si yeye nadhani barua hii usingeiandika. Ustadh wako naye amesema kweli, ingawa naona hakukupa sababu, na mtu akinyimwa sababu hubaki na hasira tu.

Tuanze na swali ambalo wanazuoni wenyewe walilibishania: je, filamu au wimbo, kitu kisichoshikika, ni mali? Wanazuoni wa zamani wa madhehebu ya Hanafi walisema mali ni kitu chenye kushikika na kuwekwa akiba. Manfaa peke yake hawakuyahesabu kuwa mali. Ndiyo maana zilipokuja mashine za kuchapa vitabu, baadhi ya maulamaa wakubwa wa Bara Hindi walikataa kwamba mtunzi ana haki ya kumzuia mwingine asichape kitabu chake. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan alikuwa miongoni mwao. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, alilichunguza suala hilohilo akafikia kauli tofauti na ya babake, kwamba haki hiyo ni ya kweli na inaweza kuuzwa. Nakutajia hili ili ujue kwamba mlango huu ulijadiliwa na watu wazito, tena ndani ya nyumba moja, na hakuna aliyekurupuka kukuharamishia.

Sisi Waislamu wa Afrika Mashariki wengi wetu ni wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu yetu manfaa ni mali. Na mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, likatoa azimio namba 43: haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazolindwa na sharia, mwenyewe anaweza kuziuza, na haijuzu kumvamia. Tangu hapo kauli hii ndiyo iliyoenea, nami ndiyo ninayoifuata.

Haki ikishakuwa mali, aya iko wazi: “Msiliane mali zenu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana baina yenu” (An-Nisaa, 29). Jiulize ni nani aliyeridhia. Mteja wako ameridhia, wewe umeridhia, muuzaji wako wa Nairobi ameridhia. Mwenye kazi hakuulizwa.

Unasema hakuna kinachopungua kwake. Hii ndiyo hoja yako yenye nguvu zaidi, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Chukua nyumba iliyofungwa pale Milimani, mwenyewe yuko ng'ambo. Mtu akapata ufunguo, akawa anaipangisha kwa wageni kila wikendi, anaifagia, anaifunga, hata kikombe hakivunjiki. Mwenyewe akirudi ataikuta kama alivyoiacha. Wanazuoni wa Shafi wanasema mtu huyo anadaiwa kodi ya kawaida ya nyumba kama hiyo kwa siku zote alizoitumia, nyumba iwe imeharibika au haikuharibika, kwa sababu alichokula ni manfaa ya mwenzake. Nawe umekula manfaa. Sikuiti mwizi wa kukatwa mkono, maana wizi wa hadi, yaani wenye adhabu iliyowekwa na sharia, una masharti yake ambayo hayapo hapa. Lakini kukosekana kwa hadi hakuifanyi mali iwe yako.

Utajiri wa mwenye mali, au dini yake, au umbali wake, havibadilishi kitu. Usiku wa Hijra Maqureshi walikuwa wamepanga kumuua Mtume, rehema na amani zimshukie, na bado amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali Makka ili amrudishie kila mtu chake. Na katika Sahihi ya Bukhari, kwenye hadithi ndefu ya Hudaybiyya, imo habari ya Al-Mughira bin Shu'ba. Kabla ya kusilimu alifuatana na watu, akawaua, akachukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume. Akaambiwa: Uislamu wako nimeukubali, ama mali, mimi simo. Wenye mali hiyo walikuwa washirikina, na wameshakufa.

Tena hao matajiri wa Marekani unaojificha nyuma yao si peke yao ndani ya kompyuta yako. Kwenye kadi hiyohiyo ya shilingi 50 wamo vijana wa Riverwood, watengeneza filamu wa Nairobi, waliotengeneza filamu kwa mkopo, na wamo wapiga ohangla wa Kisumu ambao wimbo ukishazagaa kwenye flashi za Kondele hawauzi tena. Hawa hawana Hollywood ya kuwafidia, na nakala zao unaziuza bei ileile.

Madijei nao wana jasho lao, sikatai, na wengine wana kipaji. Mzee wa kijijini asiyejua Kiingereza anafuata filamu mwanzo hadi mwisho kwa ajili yao. Lakini Mtume amesema mzizi wa dhulma hauna haki. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na maana yake ni yule anayepanda mti katika ardhi ya mwenzake bila idhini. Mti ni wake kweli, ardhi si yake. Dijei akipata ruhusa ya mwenye filamu, kazi yake itakuwa safi na utaiuza kwa raha.

Wapo watakaokuletea hadithi ya mwenye kuficha elimu kuvishwa lijamu ya moto, wakisema basi kila kitu kinakiliwe bure. Kuweka bei si kuficha. Na elimu inayokusudiwa ni ile watu wanayoihitaji katika dini yao. Sijui mtu atakayeulizwa kaburini kwa nini hakumaliza msimu wa tatu. Mwanafunzi aliyekwama, akanakili sura ya kitabu asichokimudu ili asome mwenyewe, wapo wanazuoni wa zama hizi waliomruhusu, na hata sheria ya Kenya inaacha nafasi ya matumizi ya haki kwa utafiti na kwa mtu binafsi. Wewe una duka. Mlango huo si wako.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za wananchi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inafanya kuuza au kusambaza nakala zisizo na idhini kuwa kosa la jinai. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayosimamia. Leseni yako ya kaunti ni ruhusa ya kufungua mlango wa duka. Kaunti haikuwa na filamu za kukupa. Na kwamba maduka kama lako yamejaa kila steji kuanzia Nakuru hadi Busia, na askari anapita anaomba awekewe mpira wa jana, hilo halihalalishi. Sisi ni raia, tunaishi hapa kwa ahadi, na Allah anasema: “Na timizeni ahadi, hakika ahadi itaulizwa” (Al-Israa, 34). Sheria isiyotuamrisha maasi, inayolinda mali za watu, tunaifuata hata usiku pasipo na mtu.

Kwenye mpira jibu ni fupi. Umelipa kifurushi cha nyumbani chenye sharti la kutazama nyumbani, kisha umekifanya ukumbi. Waislamu wanafungwa na masharti waliyoyakubali. Vipo vifurushi vya biashara. Uliza bei, piga hesabu. Kama viingilio havitoshi kukilipia, basi biashara hiyo ilikuwa inasimama kwa pesa ya mwingine. Na ukikichukua, bado utanijibu kuhusu vijana wanaokosa Maghribi humo ndani na wanaowekeana dau kwa simu ukiwaona. Kamari ni haramu hata kama dekoda ni halali. Hivyohivyo filamu: zile za uchi hata mwenyewe akikupa kwa maandishi haziuziki, na suala la muziki lina maneno yake ambayo sitayafungua leo.

Mawaidha yangu na ya masheikh wengi, nakili uwezavyo. Tuliyatoa yafike. Ila muulize aliyerekodi, kwa sababu mara nyingine ni kijana aliyenunua kamera na maikrofoni kwa pesa zake akitaraji kuuza. Qaswida ndizo zenye tatizo zaidi. Madrasa kadhaa hurekodi ili kupata mishahara ya walimu, na wewe ukizigawa bure kwa nia ya thawabu unatoa sadaka mali ya wengine. Thawabu haipatikani kwa njia hiyo.

Tuje kwenye la kufanya. Nakala zisizo na idhini unaacha kuziuza leo, sitakwambia upunguze kidogokidogo. Kodi ya duka si dharura ya kuhalalisha haramu. Dharura ni njaa ya kuhofia maisha, na hujafika huko. Ukikwama mwezi mmoja au miwili, nenda kwa kamati ya msikiti useme ukweli. Mfuko wa zaka una fungu la wenye madeni, na sioni aibu mtu kusaidiwa ili atoke kwenye haramu.

Kompyuta, printa na ujuzi wa mikono yako ni vyako. Watu wanahangaika na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kila ifikapo tarehe 30 Juni wanakimbizana na ritani za kodi za KRA. Wanafunzi wanatafuta wa kuwajazia fomu za mikopo ya masomo za HELB. Familia nyingi za hapo Bondeni zina kanda za harusi za miaka ya themanini zinazooza kabatini, na kuzihamishia kwenye flashi ni kazi ya halali inayolipa, maana kanda ni zao. Ukiweka programu kwenye kompyuta za watu, acha zile za kuvunjwa kufuli. Ipo Linux, ipo LibreOffice, wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao.

Na kama kuuza nyimbo na filamu ndiko unakokujua, wafuate wasanii wanaofikika. Mpigie yule wa Kisumu, mwambie umekuwa ukiuza kazi zake bila kumwambia, umwombe msamaha, kisha mwafikiane: akupe nakala safi, umpe fungu lake kwa kila mauzo. Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana. Sina hakika wote watakubali, na wengine watakutukana kwanza. Vumilia, ni haki yao.

Pesa zilizopita: uliyokwisha kula ukiamini hakuna ubaya, natumaini Allah amekusamehe. Baadhi ya wanazuoni wameipima hali kama yako kwa aya ya riba, kwamba aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake. Lakini faida ya biashara hiyo iliyobaki mkononi ni jambo jingine. Wenyewe unaoweza kuwafikia, wape au waombe wakuhalalishie. Usioweza, watolee sadaka kwa niaba yao. Sahaba Ibn Mas'ud alinunua mtumwa, muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Alimtafuta mwaka mzima, alipomkosa akawa anatoa dirhamu moja, dirhamu mbili, akisema: Ewe Mola, hii ni ya fulani. Fanya hivyo kwa kiasi unachoweza, bila kuwaacha watoto wako na njaa. Na usihesabu kuwa ni sadaka yako; ni deni unalilipa.

Kijana uliyemwajiri mpe mshahara wake wote wa mwezi huu, hata kama duka litafungwa siku kadhaa. Mwambie sababu ya mabadiliko, asije akaondoka na orodha ya wateja akafungua duka la namna ileile mtaa wa pili.

Mkeo mwambie kwamba yeye na watoto hawana dhambi kwa walichokula, kwa sababu matumizi yao ni wajibu wako na mzigo ni wa mchumaji. Kisha kaa naye, mpigieni pamoja hesabu ya duka jipya. Aliyeuliza swali hili mapema kuliko wewe huenda akaona na njia usiyoiona.

Wallahu a'lam.