Ukiitwa mbele ya jopo la madaktari wa moyo

Ukiambiwa valvu ya moyo, yaani mlango mdogo unaoipitisha damu upande mmoja, inatakiwa kubadilishwa, unaweza kudhani kilichobaki ni kupangiwa tarehe. Bado. Kwanza kesi yako inawekwa mezani: daktari bingwa wa moyo, wa upasuaji na wa usingizi wanazitazama picha zako za eko (ultrasaundi ya moyo) na kujadili kama ufanyiwe upasuaji, lini, na uwekewe valvu gani, au kama yako inaweza kurekebishwa tu. Mimi nilipitia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nilichokiona ni kwamba habari nyingi wanazozihitaji unazo wewe, hazipo kwenye mashine.

Valvu yangu iliharibiwa na tonses za utotoni zilizoachwa bila dawa, zikaleta homa iliyokwenda hadi kwenye moyo. Niliulizwa nalala na mito mingapi, ngazi zinanishinda wapi, miguu inavimba saa ngapi. Sisi tumezoea kumjibu daktari "nzuri tu, namshukuru Mungu". Adabu hiyo iishie kwenye salamu. Kama ukitoka sokoni unasimama njiani kuvuta pumzi, sema. Na kama umeacha kwenda sokoni kabisa, hilo ndilo la kusema kwanza, maana aliyejipunguzia kazi kimya kimya anaonekana mzima.

Meno nayo yanakaguliwa. Jino bovu hupitisha vijidudu kwenye damu, vikaenda kukaa kwenye valvu mpya, kwa hiyo litibiwe au ling'olewe kabla. Ukivuka miaka 40 hivi, tegemea pia kipimo cha mishipa inayoulisha moyo wenyewe, kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani.

Mazungumzo marefu ni ya aina ya valvu. Ya chuma hudumu miaka mingi, ila utameza wafarini maisha yako yote ili damu isigande juu yake, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, utakifuata daima. Kwa valvu ya maitro kama yangu, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, namba inayotakiwa kwa kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha, matembele na kisamvu hukatazwi, unatakiwa kula kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, uisahau, na dawa za miti shamba usizifiche. Jopo linataka kujua unaishi wapi kwa sababu ya kipimo hicho cha INR: anayekaa Ilala na anayekaa kijijini mbali na maabara hawawezi kupewa jibu moja.

Valvu ya tishu kwa kawaida haikufungi na wafarini maisha yote, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi, maana yake kifua kufunguliwa tena. Hutengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe. Mimi Mwislamu niliuliza waziwazi ni ipi, na daktari hakushangaa hata kidogo.

Dada zangu, hapa kuna suala la uzazi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo kama bado unataka kuzaa, litamke kabla valvu haijachaguliwa. Mume wangu aliingia nami, akasikia mwenyewe. Nashauri hivyo, kwa sababu kuja kuyaeleza haya nyumbani mbele ya mama mkwe ni kazi nyingine. Mimi nilishazaa na sikutaka kupasuliwa mara ya pili, nikakubali ya chuma.

Bima yako inalipa nini na nini, ulizia mapema kwa maandishi. Uliza pia kuhusu ndugu wa kuchangia damu, na uwataje kwa majina, si "tutapatikana".

Halafu jopo linaweza kusema usubiri. Usiondoke na neno hilo peke yake. Uliza unarudi lini kwa eko nyingine, na dalili zipi zikitokea usingojee tarehe. Mimi niliandikiwa hizi: kuzimia, kushindwa kulala chali, moyo kwenda mbio bila mpangilio, uzito kupanda ghafla pamoja na miguu kuvimba. Karatasi hiyo mpe na anayelala nyumba moja nawe.