Fungu la machungwa na hiyo SD: maswali yenu ya takwimu

Salamu kutoka Tanga jamani. Likizo hii wanafunzi wa mwaka wa kwanza mmenijazia maswali ya takwimu na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, mtawanyiko, yaani vile data zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe, na SD (standard deviation), namba inayoupima. Nayajibu hapa kwa pamoja maana mnaouliza ni wengi.

Shikamoo mwalimu. Kukokotoa SD naweza kabisa, fomula iko kichwani, ila mtu akiniuliza hiyo namba maana yake nini nabaki namkodolea macho. (Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Wengi tumepewa fomula kabla ya kuonyeshwa kitu chenyewe. Sasa twende soko la Mgandini tununue machungwa ya Muheza, tuseme kuna mafungu mawili ya machungwa matano matano. Fungu la kwanza yana gramu 190, 195, 200, 205 na 210. La pili 120, 160, 200, 240 na 280. Wastani wa yote mawili ni 200, uzito wa fungu ni uleule kilo moja, lakini mama yako akikutuma hawezi kuyaona sawa hata siku moja, moja limelingana na jingine lina vidogo vimefichwa chini ya makubwa. Hicho alichokiona mama kwa jicho ndo SD inakipa namba: fungu la kwanza kama gramu 8, la pili kama 63. Yaani ukichukua chungwa moja bila kuchagua, kwa kawaida litakuwa mbali na 200 kwa kiasi cha namna hiyo. Na usisahau gramu, SD inabeba kipimo kilekile cha data yako, ukiandika 8 tupu umeacha nusu ya jibu.

Mwalimu, histogramu (ule mchoro wa nguzo) ambayo nguzo zake zinapanda na kushuka si ndo yenye mtawanyiko mkubwa? Iliyo flati naona haina tofauti yoyote, lakini nimekosa kwenye testi na sijaelewa kwa nini. (Ngamiani)

Hili swali nalipenda mno maana kosa hili nalikuta kila mwaka, na kwa wanafunzi wazuri tu. Urefu wa nguzo unakwambia ni watu wangapi, haukwambii wamepata ngapi. Chukua darasa la watu 20, kwizi ya alama 1 mpaka 5. Darasa A kila alama wamepata watu wanne, nguzo zote sawa, flati kama meza. Darasa B watu 16 wamepata 3 halafu mmoja mmoja kwenye 1, 2, 4 na 5, kwaiyo katikati kuna mnara na pembeni vijiti. Jicho linakimbilia kusema B ndo ina tofauti kubwa, kumbe B karibu wote wamepata alama ileile! SD ya A ni kama 1.45, ya B ni 0.73, nusu yake. Mi nawaambia hivi, weka kidole kwenye wastani pale chini kwenye mstari wa alama, halafu uliza watu wengi wako mbali na kidole au wamekibana? Soma kwa kwenda kulia na kushoto, usisome kwa kupanda na kushuka.

Habari za kazi. Nilipima urefu wa samaki 25 pale soko la samaki la Deep Sea nikapata SD sm 4, nikaongeza mpaka 100 bado iko palepale karibu 4. Nimekosea wapi? (Raskazone)

Hujakosea popote. SD inaelezea samaki, na samaki hawabadiliki urefu kwa sababu wewe umepima wengi. Kinachopungua ni wasiwasi wako juu ya wastani, hiyo tunaiita standadi era, unagawa SD kwa kipeuo cha pili cha idadi: 4 kwa 5 ni 0.8, halafu 4 kwa 10 ni 0.4. Ona sasa, samaki mara nne zaidi, uhakika umeongezeka mara mbili tu.

Excel inanipa SD mbili tofauti kwa data ileile, niandike ipi?

Zote zinachukua umbali wa kila data na wastani, zinauzidisha kwa wenyewe, zinajumlisha, zinagawa, halafu zinatafuta kipeuo cha pili; tofauti ni pale kwenye kugawa. STDEV.P inagawa kwa n (idadi ya data), ni ya pale ulipopima wote. STDEV.S inagawa kwa n toa 1, ni ya sampuli, yaani umepima baadhi tu. Project zenu karibu zote ni sampuli, andika hiyo.

Mi nasaidia kufundisha tutorial chuoni. Hiyo n toa 1 nawaelezaje bila kuwaambia "karirini tu"? (Pangani)

Asante kwa kujali mwenzangu. Kikombe kimoja na vikaratasi vitatu vinatosha, viandike 1, 3 na 5. Wastani halisi ni 3 na variansi halisi (SD kabla ya kutafuta kipeuo cha pili) ni 8 kwa 3, yaani 2.67. Waambie wachomoe kikaratasi, wakirudishe, wachomoe tena, na waorodheshe jozi zote 9 zinazowezekana. Kila jozi watafute variansi mara mbili, kwa kugawa kwa 2 (hiyo ndo n) na kwa kugawa kwa 1 (n toa 1), mwisho wachukue wastani wa majibu yote 9. Wanaogawa kwa 2 watapata 1.33, ndogo mno, wanaogawa kwa 1 watapata 2.67 kamili. Sababu ni kwamba wastani wa sampuli unatoka kwenye data zilezile, kwaiyo umezikaribia kuliko wastani halisi unavyozikaribia, na tofauti zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Wape dakika 20 na usiwatajie jibu kabla, waache wabishane kwanza wenyewe.