Seli Zina Jeni Zilezile: Kwa Nini Moja Huwa Misuli na Nyingine Ngozi?

SWALI: Mhariri, nimejifunza kwamba seli zote za kiinitete cha samaki zina jeni zilezile. Ikiwa ni hivyo, jeni hizo huwezaje kuifanya seli hii kuwa misuli na ile kuwa ngozi? – Mwanafunzi wa kidato cha nne

JIBU: Ni kweli kwamba jeni ni zilezile, kinachotofautiana ni zipi zinazofanya kazi, katika seli gani na kwa wakati gani. Jambo hili limechunguzwa sana kwa samaki pundamilia, samaki mdogo wa maji baridi mwenye asili ya Asia ya Kusini, ambaye kiinitete chake hukua nje ya mwili wa mama na kupitisha mwanga, hata mtafiti akaweza kuutazama kwa hadubini moyo unaoanza kupiga takriban saa 24 baada ya yai kurutubishwa.

Uamuzi mkubwa hufanyika mapema zaidi, katika saa chache za mwanzo. Ukingoni, seli zinapopakana na kiini cha yai, hutolewa protini za kundi la Nodal, ambazo husambaa kuelekea seli za jirani. Seli iliyozipata kwa wingi na kwa muda mrefu huwasha jeni za kujenga utumbo na ini; iliyopata kiasi kidogo huelekea kuwa misuli, moyo au damu; na zile za mbali, zisizofikiwa, hushika njia ya ngozi na neva.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote umo katika jeni mbili za ukoo mmoja, tbxta na tbx16, ambazo protini zake hushika DNA na kuwasha jeni nyingine. Ya kwanza ikiharibika, kiinitete hukosa mkia pamoja na notokodi, yaani ule ufito laini unaotangulia uti wa mgongo. Ya pili ikiharibika, mkia huota, lakini seli zilizopaswa kuhamia kiwiliwilini na kuwa misuli hushindwa kusafiri, zikarundikana kwenye ncha ya mkia huo. Maana yake ni kwamba jeni haipangi tu seli iwe nini, bali pia iende wapi.

Wala hayo si ya samaki peke yao: panya mwenye nakala moja iliyoharibika ya jeni inayolingana na tbxta huzaliwa na mkia mfupi.