Magofu yetu Kilwa yanapimwaje thamani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana natembeza wageni Kilwa Kisiwani. Juzi kwenye kikao mzee mmoja akasema magofu hayalipi, eti chukua idadi ya wageni zidisha na kiingilio uone kihela chenyewe. Iliniuma ila nikakosa jibu. Hivi kitu kama kile thamani yake inapimwaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mzee kahesabu ya getini tu. Kiingilio ni bei iliyopangwa ofisini, hakisemi mgeni anapathamini vipi pale. Mtu katoka Dar, karibu kilomita 300, kalipa nauli, kalala Kilwa Masoko, kapanda boti, kala, na siku mbili hajafanya kazi, vyote hivyo kavitoa ili akauone Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa kwa macho yake.

Wataalamu wanaanzia hapohapo. Wanauliza wageni wametoka wapi na wametumia ngapi, halafu wanaangalia kwa kila watu elfu wa Lindi wanakuja wangapi, wa Dar wangapi, wa Arusha wangapi, kadiri gharama inavyopanda wanaokuja wanapungua, na huo upungufu ndo unaonyesha wa karibu wangekubali kutoa kiasi gani zaidi ya walichotoa. Wazo hili mwanauchumi Harold Hotelling aliwaandikia watu wa hifadhi za taifa Marekani mwaka 1947.

Na huku kwetu limeshafanyika. Ziwa Nakuru, Kenya, watafiti walikadiria kwamba raha ya kuangalia wanyama na ndege pale ilikuwa na thamani ya dola milioni 7.5 hadi 15 kwa mwaka 1991, na zaidi ya theluthi moja ya hiyo ni flamingo peke yao! Ndege tu jamani.

Ila Kilwa kuna mtego, Mzungu aliyekuja kwa ajili ya Serengeti akapitia kwenu siku moja, usimbebeshe Kilwa tiketi yake yote ya ndege, hapo utakuwa unajidanganya. Muulize safari nzima ilikuwa siku ngapi na Kilwa ilikuwa na uzito gani kwake.

Njia nyingine ni kumuuliza mtu moja kwa moja. Usiseme "ungelipa ngapi?", watu hutaja tu namba. Sema "kiingilio kikiongezeka elfu kumi, ungekuja?" ajibu ndiyo au hapana, na wengine uwatajie elfu tano au ishirini. Tena asiulize aliyemtembeza, mgeni ataona aibu kukataa mbele yako, mpe mwenzako aulize.

Na wenyeji wa kisiwani wanaozika wazee wao palepale na hawalipi kiingilio wala nauli, hao hesabu ya nauli haiwaoni kabisa, na mimi naona ndo wa kwanza kuulizwa. Nunua daftari, andika mgeni katoka wapi, kalala siku ngapi, katumia ngapi. Ukifika mwaka mzima rudi nalo kwenye kikao.