Kabla hujaenda Nairobi kufanya mtihani wa Kijapani wa N4, sikiliza kwanza

Wewe wa Wete, hilo daftari liweke chini. Umeuliza kitabu gani cha kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, kinafaa kwa N4 ya Disemba, yaani daraja la pili kutoka chini la mtihani wa Kijapani, ulale wapi Nairobi, na kama cheti kinasaidia kupata udhamini wa masomo. Sawa. Kilichoniuma ni hako kasentensi kako ka mwisho: "mambo ya kusikiliza nitayagusa wiki mbili za mwisho." Yakhe! Maneno hayo hayo niliyasema mie, tena kwa kujidai.

Aliyenipoteza ni bwana mmoja aliyekuwa akitusomesha kwa malipo kwenye kundi la WhatsApp. Hesabu yake: mtihani una alama 180, N4 unafaulu kwa 90. Msamiati, sarufi na kusoma ni 120, kusikiliza ni 60 tu. "Zoa kule kwenye 120, masikio yatafunguka yenyewe ukifika Japani." Uongo hakusema, ila alifanya kama muuza samaki, kakugeuzia upande uliooza chini. Hakutwambia kwamba kila upande una kima chake cha chini: 38 kwenye ile 120, na 19 kwenye ile 60. Ukikosa kimoja umeanguka, jumla yako iwe ngapi.

Matokeo yangu: 80 na 17. Jumla 97. Nimeanguka.

Alama mbili, jamani! Nimepanda boti mpaka Dar, nikakaa kwenye basi hadi miguu ikavimba, nikavuka Namanga, Jumapili nikafanya mtihani, kisha nikarudishwa kama gunia la karafuu mbichi. Yule bwana nilipomuuliza akaniandikia "subira", halafu akanitoa kundini. Ada hakunirudishia, subira ilikuwa yangu peke yangu.

Nikwambie kilichonikuta mle ndani. Sauti inapigwa mara moja, basi. Mwanamme na mwanamke wanapanga kesho waje na nini. Nikasikia "kasa", mwavuli, moyo ukaruka, penseli ikapaka. Kumbe mbele kidogo mmoja akasema "yappari", yaani kabadili shauri. Wenyewe mwavuli wameuacha nyumbani, nimebaki nao mie. Halafu kuna sehemu karatasi haina kitu: unasikia sentensi moja, kisha majibu matatu, yote kwa sauti, uchague. Bado nalitafsiri swali la tatu kwa Kiswahili, la tano limeshapita.

Na sisi tunaponzwa na irabu. Zao a, e, i, o, u kama zetu, basi unatamka vizuri, mtalii wa Kijapani pale Forodhani anakupigia makofi, unajiona umefika. Yule anakuhurumia, anasema nawe polepole. Kwenye mtihani hakuna huruma: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, tofauti ni kuivuta a tu. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Na aibu zaidi, sote tumepita chuo cha Kurani, tumehifadhi sura kwa sikio kabla ya kujua kusoma sawasawa. Leo Kijapani nikakisoma kwa macho kama risiti ya umeme!

Kwa hiyo nakupa sharti moja. Kuanzia leo, nusu saa kila siku ya kusikiliza, kabla hujagusa kanji, NA USIRUDISHE NYUMA. Tovuti rasmi ya mtihani ina maswali ya mfano na sauti zake, bure. Piga mara moja, jibu, ukikosa umekosa. Kurudia ni baada ya kujibu. Mie nilikuwa nikirudisha mara sita sita, najiona hodari, kumbe nafanya mazoezi ya kubonyeza simu. Mwaka wa pili nikawa nasikiliza ndani ya daladala ya Bububu, konda anapiga kelele, mtoto analia, kuku miguuni. Nikapata 31. Ukumbi wa mtihani baada ya hapo niliuona kama msikiti saa nne asubuhi.

N5, daraja la chini kabisa, ni mtindo huo huo, ila jumla ya kufaulu ni 80. Usije ukashuka daraja ukidhani kule masikio hayaulizwi.

Kitabu cha kanji usinunue, changu kipo dukani Darajani, njoo uchukue. Kurasa zote zimo, ila zile za siku za wiki zimemwagikiwa chai.