Maswali yenu ya chambo bandia: rangi, rangi, na tena rangi

Maswali yamejaa safari hii. Nimeyagawa mafungu mawili, fungu la rangi na fungu la mengine yote, na la rangi limeshinda kwa mbali kama kawaida, kwa hiyo naanza nalo nilimalize halafu tuongee uvuvi.

Rangi gani ya chambo bandia inakamata besi, yule samaki mwindaji wa maziwani, zaidi?

Hamna.

Haya, najua hilo jibu halitawatosha. Ngoja nikuulize mimi kwanza: hapo ulipotupa pana samaki? Yuko kina gani? Chambo chako kinafika kina hicho au kinapita juu ya kichwa chake huku yeye amelala chini ya gogo hana habari? Unakivuta mbio au taratibu? Ukishanijibu hayo manne ndo tuje kwenye rangi. Mpangilio wangu ni mahali, kina, kasi, ukubwa wa chambo, halafu rangi, na rangi yenyewe inakuja mwisho ikiwa inahema. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima, na mimi kila nikiona mtu ana boksi la vyambo hamsini vya aina moja rangi tofauti najua huyo samaki hana, ila picha za boksi anazo.

Kwa wanaotaka kanuni ya kuanzia: maji ya tope, yale ukizamisha mkono hadi kiwiko vidole huvioni, tumia nyeusi au nyeusi na bluu kwa vyambo vya kukokota chini, na nyeupe au njano kali kwa vinavyokimbia. Maji maangavu tumia rangi tulivu, kijani ya majani yaliyozeeka, kahawia, kafedha kidogo kama visamaki vidogo ndo chakula chao. Basi, imeisha hiyo.

Na kabla hujabisha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwafundisha besi kuchagua rangi fulani ili wapewe chakula, matokeo yakatoka 2019. Nyekundu na kijani wanazijua vizuri tu, lakini njano-kijani kali na nyeupe zinawachanganya, na bluu iliyokolea na nyeusi vilevile. Yaani wewe umesimama dukani dakika ishirini, mkono huu mnyoo mweusi, mkono huu mnyoo wa bluu nzito, unatoka jasho, na samaki mwenyewe hajui unahangaikia nini. Halafu nyekundu ndo rangi inayopotea kwanza kadiri unavyoshuka majini, kwa hiyo hicho chekundu chako huko chini kinaonekana tu kama kitu cheusi-cheusi.

Spinabeti (chambo cha waya chenye bapa linalozunguka) ninunue ya bapa la duara au ya bapa lenye umbo la jani?

Duara kwa maji machafu, usiku, na kuvuta taratibu, kwa sababu linasukuma maji mengi na besi analisikia kwa ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji hata kama halioni. Jani kwa maji maangavu na kuvuta haraka, lina mng'ao zaidi na halipandishi chambo juu sana. Ukishindwa kuamua nunua yenye moja la kila aina, mbona zimejaa.

Nimepoteza krankibeti (visamaki bandia vigumu vyenye mdomo wa kuvizamisha) sita kwenye visiki mwezi huu. Nifanyeje zisinase?

Swali zuri, ila umelianza kinyume. Krankibeti inatakiwa igonge kisiki. Ikiogelea katikati ya maji matupu ni kipande tu cha plastiki kinachotikisika, besi anakitazama kinapita. Ikigonga mti ikaruka pembeni kama kisamaki kilichochanganyikiwa, hapo ndo anashindwa kujizuia, na ukichunguza utaona samaki wengi wanadaka sekunde ileile baada ya kugonga.

Kwa hiyo tatizo ni unagonga na nini. Tazama ule mdomo wa mbele, kile kibapa kinachoizamisha. Mrefu na mpana unazamisha chambo mbali, mfupi wenye pembe za mraba unakipeleka kama mita moja au moja na nusu, na pembe zile zinagonga mti kwanza na kukigeuza kabla ndoana hazijafika. Mdomo wa mraba si ujanja wa jana, Fred Young wa Tennessee alikuwa anachonga za namna hiyo kwa mbao ya balsa mwishoni mwa miaka ya 1960, akaziita Big O, na hadi leo viwanda vinazunguka palepale. Na ukumbuke mshipi mwembamba unaiachia krankibeti izame zaidi, mnene unaibeba juu. Watu wananiambia "yangu haifiki chini, ni feki", kumbe wamefunga kamba ya kuvutia gari.

Sasa ukigonga, acha kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukusanyia mshipi. Legeza. Krankibeti nyingi zinaelea, zitarudi nyuma zenyewe zitoke kwenye tawi. Wewe najua unachofanya, unasikia kimegota unadhani ni samaki unavuta kwa nguvu zote, unazizika ndoana kwenye mti mpaka mifupa. Ikinasa kabisa, kaza mshipi, ushike kwa vidole karibu na rili, uvute pembeni kama uzi wa upinde halafu uachie ghafla. Mara nyingi inatoka. Usisimame mshipi umeelekea usoni kwako ukavuta kwa hasira, maana ikichomoka inakuja na ndoana mbili za meno matatu kwa kasi ya jiwe la manati. Vaa miwani. Sijali kama ni jioni, vaa.

Natumia kiziduo (kile kibanio kinachozunguka mwishoni mwa mshipi) kwa kila chambo ili nibadilishe haraka, ni sawa?

Kwa kile kibapa kinachojizungusha kwenye waya wake, sawa, kinasokota mshipi. Kwa vingine funga fundo. Kama unabadilisha chambo kila dakika tano rudi usome jibu la kwanza.

Hivi minyoo ya plastiki inavua kweli? Natupa, navuta, natupa, navuta, sijawahi kupata kitu.

Jibu umeliandika mwenyewe. "Natupa, navuta."

Minyoo ya plastiki inavua tangu 1949, Nick Creme wa Akron, Ohio, alipoanza kuipika jikoni kwake, na sidhani kuna chambo bandia kilichotoa besi wengi kukipita. Lakini si chambo cha kuvutwa. Ni cha kuangushwa.

Funga hivi: chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki, linaloteleza kwenye mshipi, gramu tano hadi saba zinatosha sehemu nyingi, halafu ndoana ya shingo iliyopinda. Ncha iingie kichwani mwa mnyoo kama nusu sentimita, itokee chini, uigeuze, halafu irudi mwilini ijifiche ili isinase majani. Mnyoo ukae umenyooka kama rula. Ukipinda hata kidogo utazunguka ukivutwa, utasokota mshipi wako wote na besi hatakuja.

Tupa, halafu acha ushuke na mshipi uwe umelegea nusu. Wengi wanadonwa hapo unaposhuka na hawajui kabisa. Ukifika chini subiri, inua ncha ya fimbo taratibu kidogo, shusha, kusanya ulegevu, subiri tena. Ukiona unachoka kusubiri ujue bado una haraka.

Mimi mwenyewe nilivua mnyoo miezi bila kitu mpaka siku moja nimeutupa pembeni ya mti ulioanguka, nikaibana fimbo katikati ya magoti nifungue chupa ya maji. Nikiwa nashindana na kifuniko nikaona mshipi unatembea. Hauruki, hautetemeki, unakwenda zake kushoto polepole kama kuna mtu anaukunja upande wa pili. Sikuhisi chochote kwenye fimbo, na hapo ndo nikaelewa ni mara ngapi walishaubeba mnyoo wangu wakautema nami nimekaa nasubiri kuvutwa mkono. Chupa ilianguka majini. Samaki nilimpata, alikuwa wa kawaida tu, kilo moja na kitu hivi. Tangu siku hiyo naangalia mshipi pale unapoingia majini, siangalii milima.

Chura wa plastiki: besi anarusha maji vizuri kabisa ila nikivuta chura anarudi mtupu.

Unavuta ukisikia mlio. Usivute ukisikia mlio! Huyo chura mwenye tumbo tupu ndani lazima abanwe mdomoni ndipo ndoana zitoke, sasa wewe unamnyang'anya kabla hajafunga mdomo. Sikia mlio, shusha fimbo, hesabu moja, mbili, hisi uzito, ndipo vuta kama una ugomvi naye. Fimbo iwe ngumu na mshipi uwe wa kusuka usiovutika, maana anatakiwa atoke kwenye magugu hapohapo, ukimpa nafasi anajizungusha kwenye mashina na mtabaki mnatazamana. Ukitaka kuongeza uhakika zipinde ncha zile mbili kidogo sana kwenda juu kwa koleo. Kidogo sana nimesema.

Vyambo vyangu vya plastiki laini vimeyeyukiana kwenye boksi, ni joto?

Joto linachangia ila mara nyingi ni mchanganyiko. Ile plastiki inayovutika sana kama raba na kuelea ni kitu tofauti na ile laini ya kawaida ya PVC, zikigusana zinalana hadi inabaki uji. Acha kila aina kwenye mfuko wake ilionunuliwa nao. Na dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha vyambo pia, inaharibu hadi mipako ya rili na fimbo, kwa hiyo ukijipaka futa viganja.

Na ukiwa hapo, kile chambo kilichochanika usikitupe majini. Samaki wanavimeza, havisagiki tumboni. Tia mfukoni. Nimeona mtu anajisifu eti yeye anarudisha samaki wote majini huku nyuma yake ameacha vipande kumi vya plastiki vinaelea.

Kupaka dawa ya harufu kunasaidia?

Kwa chambo kinachokimbia ni hela ya bure. Kwa mnyoo au jigi, ile ndoana yenye kichwa kizito, kidogo, anang'ang'ania sekunde moja mbili zaidi kabla hajatema. Ndoana butu haisaidiwi na harufu yoyote. Ipime kwenye ukucha: ikiteleza, inoe au ibadilishe, ikikwama iko tayari. Hili hakuna aliyeniuliza na ndo linalowapotezea samaki kuliko rangi zenu zote.

Maji yakiwa ya baridi besi hawali?

Wanakula, ila mara chache na hawakimbizi, mwili wao unapoa pamoja na maji. Tafuta jekibeti, kisamaki bandia chembamba cha kutikiswa kwa fimbo, ile inayosimama palepale kwenye maji, haipandi haizami. Tikisa mara mbili, acha. Nikisema acha namaanisha sekunde kumi, hata ishirini, mikono imekufa ganzi unaona kama umesimamia kazi isiyo na mshahara. Atakuja wakati kimetulia.

Nimewaona besi kwenye viota karibu na ukingo, nitumie chambo gani?

Usitumie. Maji yakifika nyuzi 15 na kuendelea ndo wanaanza mambo yao, na yule aliyebaki kulinda mayai ni dume. Hana njaa, anauma chochote kinachosogelea kiota, kwa hiyo kumpata si ufundi, hata ufunguo wa nyumba angeuuma. Ukimtoa hata dakika chache visamaki vingine vinaingia kula mayai. Sehemu nyingine sheria inafunga kabisa uvuvi kipindi hicho, kaangalie ya kwenu. Mimi hata pasipo sheria napita mbali. Najua nitatukanwa, andikeni tu.

Rekodi ya dunia ya besi ilivuliwa kwa chambo gani? Nataka kununua hicho.

Nilijua litakuja. George Perry, tarehe 2 Juni 1932, Montgomery Lake, Georgia, kilo 10 na gramu kama 90, kwa chambo cha mbao cha kampuni ya Creek Chub. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na chambo hicho kimoja tu siku hiyo, wanapokezana. Kimoja, nyie wa maboksi! Na samaki walimla, ilikuwa miaka ya dhiki. Kisha 2009 Manabu Kurita akavua wa kumzidi kidogo sana Lake Biwa, Japani, lakini ili uvunje rekodi ya samaki wa uzito huo lazima uzidishe wakia mbili, hakufikisha, wakaandikwa sare. Na yeye alitumia kisamaki hai. Sasa sijui utakinunua wapi.

Ukiruhusiwa chambo kimoja maisha yako yote?

Jigi ya gramu kumi yenye kinga ya majani na mkia wa plastiki nyuma. Inaiga kamba wa maji baridi, inaiga kisamaki, inaingia kwenye miti, inafika kina chochote, na ndoana ni moja kubwa, haikuchomi vidole ukimtoa samaki. Ukimpata mkubwa usimning'inize kwa taya kama begi, weka mkono mwingine uliolowa chini ya tumbo.

Rangi? Nyeusi. Ndo iliyokuwa imebaki dukani.