Njia ya faili si faili: niliyojifunza baada ya kufuta picha za ofisi

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kompyuta ya mezani kwa ajili ya ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha. Kazi yake ilikuwa kupanga picha za hifadhi na hoteli, ili anayeandaa ratiba ya mgeni azichague na kuzibandika kwenye waraka bila kuhangaika kuzitafuta. Ofisi ilikuwa na kompyuta chache za Windows, mpiga picha aliyekuja na Mac yake, na kompyuta moja kuukuu yenye Linux iliyotumika kama seva. Diski ilipokaribia kujaa waliniomba niongeze kitufe cha kufuta picha zilizojirudia, nami nikakiandika kwa jioni moja, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka.

Kanuni niliyoitumia ilionekana haina dosari: ikiwa faili mbili zina njia tofauti (njia ni maandishi yanayoonyesha faili iko wapi kwenye diski au mtandao), na yaliyomo ni yale yale baiti kwa baiti, basi moja ni nakala na inaweza kufutwa. Nilichosahau ni kwamba folda ile ile ya seva ilikuwa imeingizwa kwenye programu mara mbili, mara moja kwa herufi ya diski, kama Z:\, na mara nyingine kwa jina la seva kwenye mtandao, kama \\SEVA\Picha, kwa sababu wafanyakazi wawili waliiongeza kila mmoja kwa namna aliyoizoea. Programu ikaiona Z:\Ngorongoro\faru.jpg na \\SEVA\Picha\Ngorongoro\faru.jpg kuwa faili mbili, ikazilinganisha, ikakuta zinafanana kabisa (zingekosaje kufanana, ilhali ni faili moja?), kisha ikaifuta ile iliyodhani ni nakala. Picha nyingi tulizirudisha kutoka kwenye kadi za kamera za mpiga picha; nyingine hazikurudi, na sikuwa na wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Tangu siku hiyo naichukulia njia ya faili kama tunavyochukulia maelekezo ya nyumba katika mji huu. Mmoja atakuambia ushuke Mianzini kisha uulizie, mwingine atakuanzishia safari kwenye Mnara wa Saa, na wote wawili watakufikisha kwenye geti lile lile. Kwa upande mwingine, maelekezo yasiyobadilika hata neno yanaweza kukufikisha kwa mpangaji mpya baada ya yule wa kwanza kuhama. Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari wowote wa kulinganisha njia mbili, jiulize unataka kujua nini hasa: je, maandishi haya mawili yanaelekeza mahali pamoja, au vitu viwili nilivyovishika sasa hivi ni kitu kimoja? Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina zana yake.

Kwa swali la kwanza, wengi wetu huanza kwa kugeuza herufi zote kuwa ndogo na kulinganisha maandishi. Sishauri hivyo. Kwanza, kwenye Linux Tembo.jpg na tembo.jpg kwa kawaida ni faili mbili halali ndani ya folda moja, lakini flashi iliyopangwa kwa exFAT, mfumo wa kuhifadhi faili, haitofautishi herufi kubwa na ndogo hata ikichomekwa kwenye Linux hiyo hiyo. Windows nayo, tangu mwaka 2018, inaruhusu folda moja moja kuwekwa katika hali ya kutofautisha. Maana yake ni kwamba jibu linategemea diski na pengine folda, wala si jina la mfumo endeshi. Pili, ugeuzaji wa herufi unaofuata lugha ya mtumiaji una mitego: kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki, herufi I kubwa hugeuzwa kuwa ı isiyo na nukta, na PICHA inakuwa pıcha. Mimi hutumia ulinganishi usiojali lugha, na hufanya hivyo baada ya kuipata njia kamili kutoka kwenye mfumo wenyewe, ambao huondoa nukta mbili (..) za kurudi folda ya juu na kusawazisha mishazari ya mbele (/) na ya nyuma (\).

Jina lenye alama juu ya herufi lilinisumbua kuliko yote hayo. Folda ya mgeni aitwaye José inaweza kuandikwa kwa é iliyo herufi moja, yaani U+00E9 kwa namba za Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, au kwa e ya kawaida ikifuatiwa na alama U+0301. Kwa macho hakuna tofauti, lakini Linux kwa kawaida hulinganisha baiti, hivyo kwake ni folda mbili. Mac za zamani zenye mfumo wa faili wa HFS+ zilihifadhi majina katika umbo la pili, na ndiyo sababu folda za mpiga picha zilikuwa zikionekana mara mbili kwenye seva. Tengeneza umbo moja sanifu kwa ajili ya kulinganisha tu, lakini faili ifungue kwa jina lile lile ulilopewa na mfumo, kwa maana ukilisahihisha jina unaweza kuambiwa faili haipo.

Swali la pili muulize mfumo endeshi. Lugha ya programu ya Python ina os.path.samefile, ile ya Java ina Files.isSameFile, na chini yake Linux hulinganisha namba ya kifaa na namba ya inodi (namba ambayo mfumo huipa kila faili), wakati Windows hulinganisha namba ya diski na namba ya faili. Hata hivyo usizihifadhi namba hizo kwenye hifadhidata ukidhani zitadumu: programu nyingi huhifadhi kazi kwa kuandika faili mpya kisha kuipa jina la zamani, na namba hubadilika papo hapo, na kwenye FAT, mfumo wa faili wa zamani, zinaweza kubadilika hata kwa kupanga upya diski. Ndiyo maana kitufe changu cha sasa hakifuti kitu moja kwa moja. Huihamishia ile inayodhaniwa kuwa nakala kwenye folda ya kusubiri, kisha hujaribu kuifungua ile inayobaki. Ikishindikana, zilikuwa faili moja, na picha hurudishwa mahali pake.

Kuhusu kuhifadhi marejeo ndani ya waraka, weka njia inayoanzia kwenye waraka wenyewe, na njia kamili iwe ya akiba, kwa sababu flashi iliyokuwa E: leo itakuwa F: kesho kwenye kompyuta ya jirani. Picha isipopatikana, muulize mtumiaji mara moja tu iko wapi, kisha zirekebishe zote zilizokuwa chini ya folda hiyo. Hapo linganisha sehemu kwa sehemu na si kwa mwanzo wa maandishi, la sivyo D:\Picha itaibeba na D:\Picha2, kosa ambalo nililifanya na kulirudia.

Siku hizi nina flashi ya majaribio yenye folda ya José kwa maumbo yote mawili, majina yenye nafasi, na njia inayozidi herufi 260, ambazo ni kikomo cha kawaida cha Windows. Huichomeka kwenye mashine za Windows, Mac na Linux kabla sijamkabidhi mteja toleo jipya.